Mzinga usio na asali ulivyotupatanisha

Mhariri wako alimfuata mume wake masomoni London, akakuta kimya kimehamia chumbani kabla yake. Aliyewasuluhisha hakuwa mshenga wala mchungaji. Walikuwa nyuki.

Msomaji wangu, umewahi kulala kitanda kimoja na mtu ukahisi katikati yenu kuna bahari? Mimi nimewahi. Ilikuwa Juni 2018, jijini London, katika chumba cha mwanafunzi chenye kitanda cha mtu mmoja na nusu. Sisi tulikuwa wawili, na bado nafasi ilibaki.

Mwenzangu aliondoka Septemba 2017 kwenda kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Miezi ya mwanzo tuliongea kila siku, tena mpaka vocha inakata. Kufikia Pasaka, meseji zangu zikawa zinapata tiki mbili za bluu na kimya. Nikiuliza, "Masomo yanaendaje?" jibu ni, "Tuache hayo, watoto hawajambo?" Nikiuliza, "Unarudi lini?" jibu ni lile lile: "Tuache hayo."

Si unajua tena akili ya mwanamke aliyeachwa peke yake na simu? Nikaanza kujenga ghorofa hewani. Kuna mtu. Mashosti zangu nao wakanisaidia kumpa huyo mtu urefu, rangi ya nywele na mpaka aina ya viatu anavyovaa. Nikavunja kibubu, nikaomba likizo, nikapanda ndege.

Siku ya pili, yeye akiwa anaoga, nikafanya kile ambacho kwenye kurasa hizi huwa nakukataza wewe. Nikapekua simu yake. Sikukuta mwanamke. Nilikuta picha za kitu cha ajabu, kama kichuguu cha vyuma, kimepigwa kutoka kila upande. Sikuuliza, maana ningeulizaje?

Siku ya tatu asubuhi akasema, "Mama, vaa viatu vya kutembelea. Nataka nikuoneshe mzinga."

Nikamwangalia. "Nimetoka Dar mpaka London nije kuangalia mzinga? Si ningepanda basi kwenda Sikonge kwa baba yako?"

Akacheka. Lilikuwa cheko la kwanza tangu nifike. Nikaona basi, hata kama ni kwa mzinga, twende.

Tani 40, asali hakuna

Lazima nikueleze kidogo. Mume wangu ni mtoto wa Sikonge, mkoani Tabora, na baba mkwe ni mfugaji nyuki. Ada ya shule ya mume wangu, tangu sare ya kwanza mpaka sanduku la bweni, ilitoka kwenye asali na nta. Kwa hiyo huyu bwana akikwambia twende tukaone mzinga, hatanii.

Mzinga wenyewe uko Kew, bustani kubwa ya mimea iliyoko magharibi mwa London, ambayo tangu 2003 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tulishuka kituo cha treni cha Kew Gardens, ndege za kwenda uwanja wa Heathrow zikipita juu yetu moja baada ya nyingine. Pale mlangoni nikafanya kosa la kila Mtanzania aliyeko ughaibuni: nikageuza kiingilio kuwa shilingi. Nikataka kurudi. Mwenzangu akalipa kimya kimya, nami nikanuna kimya kimya.

Kisha nikakiona. Katikati ya uwanja uliojaa maua ya porini kimesimama kitu kama kundi la nyuki lililogandishwa hewani. Ni kile cha kwenye picha! Urefu wake mita 17, uzito tani 40, kimetengenezwa kwa vipande vya alumini karibu 170,000 vilivyofungwa tabaka juu ya tabaka kwa mtindo wa pembe sita, kama sega. Kimebuniwa na msanii Mwingereza Wolfgang Buttress. Kilisimamishwa kwanza Milan, Italia, mwaka 2015 kama banda la Uingereza kwenye maonesho makubwa ya dunia, kisha mwaka 2016 kikahamishiwa Kew. Kwa Kiingereza kinaitwa The Hive, yaani Mzinga. Basi.

"Asali iko wapi?" nikauliza.

"Hakuna asali."

"Tani arobaini, asali hakuna?"

"Ingia ndani, mama. Usiongee."

Nikaingia. Jamani, sijui niwaelezeje. Ndani ni kama umesimama kwenye tumbo la kitu kinachopumua. Taa ndogo zipatazo 1,000 zimetundikwa kwenye vile vyuma, zinafifia na kuwaka, zinafifia na kuwaka. Chini kwa chini kuna mvumo, na juu ya mvumo kuna muziki wa nyuzi na sauti za watu. Nikadhani ni kanda imewekwa. Kumbe hapana. Humo humo bustanini, mbali na macho ya wageni, kuna mzinga wa kweli wenye nyuki hai na vifaa vya kunasa mitikisiko. Nyuki wakichangamka, taa zinachangamka na sauti inapanda. Wakitulia, na sisi wageni tunatulizwa. Wanamuziki walioshirikiana na Buttress walipiga ala zao wakifuata mvumo wa nyuki, ambao wanasema unakaa kwenye noti ya C. Yaani nyuki ndio walioshika kwaya, binadamu wakaitikia.

Sasa fikiria kidogo. Wachoraji wangapi wamechora maua na nyuki ukutani? Hapa nyuki hachorwi. Nyuki ndiye anayewasha taa. Siku akinyamaza, na kazi ya msanii inanyamaza. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo iliyonishika mkono.

Kijiti mdomoni

Chini ya ule mzinga kuna nguzo fupi zenye matundu. Unapewa kijiti cha mbao, kama kile cha aiskrimu. Unakichomeka tunduni, unakiuma kwa meno, unaziba masikio kwa vidole. Sauti inapita kwenye meno na mifupa ya kichwa. Ukionekana kwa mbali unafanana na mtu aliyechanganyikiwa, lakini pale wote mmechanganyikiwa, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Kwa nini kijiti? Kwa sababu nyuki mzingani haongei kama sisi. Ndani ni giza totoro na wamebanana maelfu kwa maelfu, kwa hiyo habari nyingi huzipeleka kwa kugusana, kwa harufu na kwa kutikisa sega. Mwanasayansi Karl von Frisch alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, na miongoni mwa makubwa aliyogundua ni jinsi nyuki anavyocheza ngoma ya kutikisa mkia kuwaeleza wenzake maua yako upande gani na umbali gani. Malkia wachanga nao wana mambo yao. Aliyetoka kwenye chumba chake hulia kama tarumbeta ndogo, na wale ambao bado wamefungiwa humjibu kama bata. Ni kutambiana huko, kwa sababu mzinga una kiti kimoja tu cha malkia.

Mume wangu alikuwa ameinama kwenye nguzo yake. Nikaona hapa hapa ndipo pa kuuliza, mbele za watu, ili asipate pa kukimbilia. Nikamgusa bega. "Niambie ukweli. Kuna mtu mwingine?"

Akatoa kijiti mdomoni. Akaniangalia kama mtu aliyepigwa kofi. "Tuache hayo," akasema, akarudisha kijiti.

Sikutaka kulia mbele za watu. Nikapanda juu. Ghorofa ya pili ya ule mzinga sakafu yake ni ya kioo, hivyo aliye juu humwona aliye chini. Nikabana gauni langu nikatazama. Nikamwona mume wangu kwa chini, mtu mzima, baba wa watoto wawili, kijiti mdomoni, vidole masikioni, macho amefumba. Wenzake wanakuja, wanasikiliza kidogo, wanaondoka. Yeye hatoki. Nikajiambia: huyu si mtu mwenye mchepuko. Huyu ni mtu anayesikiliza kitu asichoweza kukisema.

Acha, au umeshtuka?

Usiku ule usingizi uligoma. Nikachukua simu nikaanza kusoma habari za wale nyuki kwenye intaneti. Nikamkuta Martin Bencsik, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Nottingham Trent, ambaye utafiti wake wa mitikisiko ya mizinga ndiyo Buttress aliutumia. Kuna mlio mmoja mfupi wa nyuki ambao wataalamu wameubishania miaka mingi. Kwanza walidhani nyuki anaomba chakula. Baadaye wakasema hapana, anamwambia mwenzake "acha". Mwaka 2017 Bencsik na wenzake wakatoa utafiti mwingine. Walinasa mlio huo usiku na mchana kwa muda mrefu, wakaona hutokea mara nyingi mno, hasa usiku, kiasi kwamba ni vigumu wote uwe ni "acha". Walipogonga mzinga kidogo tu, nyuki mamia wakaulia kwa pamoja. Wakapendekeza kwamba mara nyingi mlio ule si amri wala ombi. Nyuki amegongwa na mwenzake gizani, akashtuka.

Nikaketi kitandani. Nikawasha taa.

"Baba watoto, najua hujalala. Ukiniambia 'tuache hayo', unaniambia niache, au umeshtuka?"

Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikajuta kuuliza. Kisha akaanza. Alifeli somo moja mwezi Januari. Anatakiwa kurudia mtihani mwezi Agosti, na akifeli tena shahada hapati. Hakumwambia mtu. Angemwambiaje mzee wake, aliyepanda miti na kuumwa na nyuki miaka yote ili yeye asome? Angeniambiaje mimi niliyebaki na watoto, ada na kodi ya nyumba? "Kila ukiuliza masomo, moyo unapiga paa! Sikukuambia uache. Nilikuwa sijui niseme nini." Alipozidiwa alikuwa anakwenda kule Kew, anasimama ndani ya mzinga, anasikia nyumbani.

Miezi mingapi nilisikia "acha" pale ambapo mtu alikuwa anasema "nimeogopa"? Na yeye, miezi mingapi alisikia "nakuhukumu" pale ambapo nilikuwa nasema "nimekumiss"? Nikakiri na mimi habari ya kupekua simu. Alikasirika, tena vizuri tu. Mpaka saa kumi alfajiri tulikuwa bado tunabishana. Lakini tulikuwa tunaongea.

Gauni la bibi harusi

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kufuatilia wasanii wanaofanya kazi na nyuki. Ngoja nikutajie wawili tu.

Wa kwanza ni Aganetha Dyck wa Kanada. Huyu mama alikuwa anachukua vitu, viatu, vinyago vya kauri, anaviweka mzingani na kuwaachia nyuki wamalizie. Kazi yake inayonigusa zaidi ni gauni la bibi harusi la kioo, alilowaachia nyuki wajenge masega yao juu yake. Ilianza 1992 ikaisha 1998. Iko kwenye Jumba la Taifa la Sanaa la Kanada. Miaka sita kwa gauni moja! Sisi tunataka ndoa ikae sawa ndani ya fungate. Dyck alijua huwezi kumharakisha nyuki wala kumwamuru. Unamwandalia mazingira, unasubiri, na anachokuletea si kile ulichopanga.

Wa pili ni Alexandra Daisy Ginsberg wa Uingereza. Mwaka 2021 alitengeneza bustani yenye urefu wa mita 55 huko Eden Project, Cornwall. Swali lake lilikuwa rahisi: bustani zote tunapanda kwa macho yetu, je, tukipanda kwa macho ya mdudu? Maana nyuki haoni kama sisi. Nyekundu haioni kama tunavyoiona, lakini anaona mwanga ambao macho yetu hayaushiki. Ginsberg akatumia programu ya kompyuta inayochagua mimea itakayohudumia aina nyingi zaidi za wadudu wachavushaji, na si itakayompendeza mwenye bustani. Bustani nyingine zikafuata London na Berlin. Wapo wanaoziona hazina mpangilio. Ndiyo, kwa sababu hazikupangwa kwa ajili yao.

Hebu jiulize, zawadi ya mwisho uliyompa mwenzako, ulinunua kwa macho ya nani?

Na usidhani hii ni sanaa ya Wazungu peke yao. Kama una batiki kabatini, umevaa kazi hii. Fundi wa batiki huchora kwa nta ya moto ili rangi isipite. Nta ya nyuki ni laini na hushika kitambaa. Ya mshumaa hupasuka, na nyufa zake ndizo zile mistari myembamba unayoipenda. Nyuki, mpamba na mkono wa mama mmoja, wote wako mwilini mwako.

Tukiachia mapambo, kuna chakula. Ripoti ya mwaka 2016 ya IPBES, jopo la kimataifa la bioanuwai, ilisema zaidi ya asilimia 75 ya aina za mazao makuu ya chakula duniani hutegemea, angalau kwa sehemu, wadudu na wanyama wachavushaji. Mahindi na mpunga hawamo, kwa hiyo ugali na wali tutakula. Lakini tikiti, boga, parachichi, pesheni, korosho na alizeti ya mafuta yako ya kupikia? Hapo nyuki akisusa, tutakula ugali mkavu.

Mzee agonga mzinga

Agosti mume wangu alirudia mtihani, akapita kwa kukwaruza. Desemba 2018 tukafunga safari kwenda Sikonge, yeye, mimi na watoto. Nikamwamkia baba mkwe, nikamwonesha picha za Kew kwenye simu. Akavaa miwani, akaangalia sana.

"Huu mzinga, mwanangu, unatoa lita ngapi?"

"Hautoi hata kijiko, baba. Watu wanaingia kusikiliza tu."

"Na wanalipa?"

"Wanalipa."

"Basi na mimi nianze kutoza."

Jioni akatupeleka kwenye mizinga yake. Siku hizi anatumia ya mbao. Zamani alikuwa na ya magome, kama wazee wenzake wote, na akatuonesha mti mmoja uliokauka umesimama, gome limevuliwa kuzunguka shina lote. "Huu niliuua mimi," akasema. "Mti unamlisha nyuki, mimi naua mti nimjengee nyuki nyumba. Nilipohesabu niliyoiua niliona aibu." Hakuna warsha iliyowahi kunieleza uhusiano wa nyuki, mimea na watu kwa ufupi kama huo. Ukimpenda mtu huku unamkausha, siku moja utabaki na nyumba nzuri isiyo na mtu.

Kisha akafanya kitu. Giza lilikuwa linaingia. Akausogelea mzinga mmoja taratibu, akaweka sikio kwenye mbao, akagonga kwa kifundo cha kidole. Ngo. Ndani kukavuma shwaaa, mara moja, kukatulia.

"Ukigonga wakavuma wakanyamaza, mama yao yupo," akatuambia kwa sauti ya chini. "Wakiendelea kulia, lia, lia, hawana malkia. Hapo usiwagombeze. Wasaidie."

Mimi na mume wangu tukaangaliana. Mzee hajawahi kufika Nottingham. Anagonga tu, anasubiri, anasikiliza anachojibiwa.

Usiku ule, baada ya chakula, mume wangu alimsimulia baba yake habari ya mtihani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Kwa hiyo ulirudia?" "Nilirudia, baba." "Haya," akasema, akaomba maji ya kunawa.

Anzia nyumbani kwako

Huna haja ya tani 40 za alumini. Anza na haya:

1. Acha mrihani wako utoe maua, usiukate wote. Nyuki wanaupenda kuliko unavyodhani.

2. Weka sahani ya maji yenye vijiwe juani. Nyuki ana kiu kama wewe, ila hajui kuogelea.

3. Usipulize dawa ya wadudu mchana, maua yakiwa wazi. Hapo unampiga sumu mgeni uliyemwalika mwenyewe.

4. Ukinunua asali, uliza ilitoka mzinga gani. Na usibishane sana bei: nyuki kibarua mmoja, maisha yake yote, hutengeneza kama sehemu moja ya 12 ya kijiko cha chai.

5. Mwenzako akikujibu kwa ukali au akanyamaza, kabla hujaita mashosti, muulize kwanza: "Umekasirika, au umeshtuka?"

Hiyo ya tano kwetu bado inatumika. Mwezi uliopita tu nilimuuliza mume wangu habari ya mkopo wa benki. "Tuache hayo," akasema. Nikagonga meza kwa kifundo cha kidole. Ngo.

Akacheka. Akavuta kiti.